Kiangazi cha Moshi na nywele za kipilipili: umefunika sufuria tupu

Wiki ya pili ya Februari nilikuwa nimeinama juu ya karai katika saluni moja ya Majengo, rasta nilizosuka kwa ajili ya Krismasi zimefumuliwa zote. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuoshea masufuria ya msibani. Ya pili yalikuwa rangi ya chai. Msusi akapitisha kidole utosini mwangu, akakisugua kwenye kidole gumba, kisha akanisogezea usoni nione: utando wa kijivu, mzito, unaonata. Mafuta ya mgando na vumbi.

"Dada, umeniletea barabara yote ya Pasua humu," akasema.

Na mimi nilikuwa nimejitahidi! Tangu Januari, kila asubuhi nikizigusa nywele naona zimekauka, nachota mafuta, napaka. Kadiri zilivyozidi kukauka ndivyo nilivyozidi kupaka. Chini ya ule utando, nywele zenyewe zilikuwa kama makuti ya mwaka jana.

Fundo lenyewe liko hapo. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba dawa ya nywele kavu ni mafuta. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotukata nywele. Unyevu wa nywele ni maji. Mafuta hayana maji hata tone moja. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo ndani ya unywele yasitoke upesi. Ukipaka mafuta juu ya nywele isiyo na maji, umefunika sufuria tupu na kungoja ichemke.

Kwa nini nywele zetu ndizo zinazokauka zaidi, wakati mwenye nywele za singa anayekaa mtaa huohuo analalamika kwamba zake zina mafuta kupita kiasi? Jibu linaanzia ndani ya ngozi. Unywele unaota kutoka kwenye kinyweleo. Kwa mwenye singa kinyweleo kimenyooka. Chetu kimepinda, na unywele unaotoka humo umebapa. Ukiukata na kuutazama kwa hadubini, mkato wake unafanana na yai kuliko shilingi. Unywele wa namna hiyo haunyooki, unajizungusha kama springi ya kalamu.

Sasa, pembeni ya kila kinyweleo kuna tezi inayotoa mafuta ya asili. Kwenye singa mafuta hayo yanateleza hadi nchani kama maji kwenye mfereji. Kwenye kipilipili yanakuta kona, kisha kona nyingine, kisha nyingine, yanaishia njiani. Ndiyo maana utosi unaweza kung'aa na ncha zikawa kavu kabisa katika kichwa kilekile. Juu ya hayo, unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama ya samaki. Pale unywele unapopinda, magamba hayalali vizuri. Maji yanatorokea hapo, na unywele unakatikia hapo. Anayesema "nywele zangu hazikui" kwa kawaida anakosea: zinakua, karibu sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile.

Ndani ya magamba kuna keratini, protini inayopenda maji sana. Unywele uliolowa unaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake. Kwa hiyo mahali pa kuweka maji tunapo. Kinachotushinda ni kuyaweka yasitoke.

Hapa ndipo hali ya hewa inapoingia, na hapa ndipo ushauri mwingi unapoharibikia. Watu wanasema "joto linakausha nywele". Dar es Salaam kuna joto, tena la usiku na mchana, lakini binamu yangu wa Temeke hajui nywele kavu ni nini. Shida yake ni nyingine: anapiga pasi nywele asubuhi, na kabla hajafika Kariakoo zimesharudi kipilipili. Hewa ya pwani imejaa maji ya bahari. Maji hayo yanaingia kwenye unywele, yanafungua vile vifungo vidogo vya keratini vilivyokuwa vimelazimishwa kunyooka, na vikijifunga upya vinafuata umbo la asili. Nywele zinavimba, zinafupika, lakini ni laini.

Moshi mwezi wa Januari na Februari ni habari nyingine. Mchana nyuzi zinapita 30, bahari iko mbali, mvua za vuli zimekwisha na masika hayajafika. Hewa ina kiu. Chochote chenye maji inakinyonya: shuka kwenye kamba linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili, na nywele nazo ni hivyohivyo. Ongeza upepo na vumbi. Tena huhitaji kwenda Dar kuona tofauti. Lala Marangu siku moja, uamke kwenye ukungu wa migombani, uzishike nywele zako. Kisha panda Noah ushuke mjini, ufike stendi saa tano, uzishike tena. Ukiwa na safari ya kuendelea hadi kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye miwa, huko saa nane mchana utazikuta zimeshakuwa ufagio. Nywele ni zilezile, mafuta ni yaleyale, siku ni ileile. Kilichobadilika ni hewa.

Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa nywele kwenye simu, muulize kwanza anakaa wapi. Mfano mzuri ni glycerini. Kila duka la dawa linayo, bei ni ndogo, na binamu yangu anaapa nayo. Glycerini ni sumaku ya maji. Pwani inayavuta kutoka hewani na kuyaleta kwenye nywele, bure kabisa. Hapa Februari hewa haina cha kuvutwa. Unabaki na kitu kinachonata kichwani, na kinachonata hapa mjini kinaokota vumbi. Kama unaipenda, tia matone machache tu kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia, na juu yake paka mafuta kidogo. Kuipaka yenyewe kama ilivyo, subiri mvua.

Mafuta nayo si kitu kimoja, ingawa sokoni Mbuyuni yamepangwa kwenye meza moja.

Mafuta ya nazi ndiyo ninayoyaheshimu zaidi, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele. Asidi kuu iliyomo, ya lauriki, ina molekuli fupi na nyoofu zinazopenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, yale yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Maana yake ni kwamba muda wake mzuri ni kabla ya kuosha: yapake usiku, osha asubuhi. Wengi wetu tunayapaka baada ya kuosha, kwa ajili ya kung'aa, tukijinyima kazi yake bora.

Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanakaa juu. Ni kifuniko kizuri cha ncha. Kwamba yanakuza nywele, sijaona ushahidi wa maana, na nimeyatumia miaka mitatu nikiomba yafanye hivyo. Mafuta ya mgando ndiyo kifuniko kinachobana kuliko vyote, tena rahisi. Kosa langu lilikuwa mahali na kiasi. Kiasi cha punje ya mahindi kwenye ncha zilizolowa kinatosha. Utosini hayana kazi.

Na parachichi, kwa kuwa tuko Kilimanjaro na yanaoza chini ya miti: mafuta yake ni mazuri. Tunda lenyewe lililopondwa, kaa nalo uweke kwenye kachumbari. Haliingii ndani ya unywele, na kuokota vipande vya kijani kwenye kipilipili ni kazi ya siku nzima. Niulize mimi.

Wapo watakaokwambia unywe maji mengi ili nywele zilainike. Kunywa, hasa Februari, lakini ni kwa ajili ya figo zako. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi ni mfu. Hakuna bomba linalopeleka maji huko.

Jambo linalochanganya zaidi kuliko yote, na linalonikera, ni mba. Kichwa kinawasha, magamba meupe yanadondoka mabegani, shangazi anatazama anasema, "Mwanangu, ngozi imekauka hiyo, paka mafuta." Mara nyingi ni kinyume. Mba unahusiana na fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye vichwa vya karibu watu wote na anayekula mafuta. Kila unapopaka utosini unaweza kuwa unamlisha. Joto na jasho vinamsaidia, na rasta za wiki nane zinampa nyumba. Namna ya kutofautisha: magamba ya ngozi kavu ni madogo, makavu, yanapeperuka, na mara nyingi yanatokea baada ya kuosha kwa sabuni kali. Ya mba ni makubwa kidogo, yana unjano na mafuta, yanaganda. Kwa mba, shampuu ya ketokonazoli kutoka duka la dawa inafanya kazi ambayo chupa kumi za mafuta haziwezi. Ipake kwenye ngozi tu, iache dakika tano, suuza. Usiiburuze hadi nchani maana inakausha.

Mtoto akiwa na mabaka ya duara yenye nywele zilizokatika, hayo yanaweza kuwa mapunye, nayo ni fangasi wanaohitaji vidonge vya hospitali. Usimpake mafuta ukitegemea yatapona, na kitana chake asitumie mwingine. Sisi wa Moshi hatuna kisingizio: pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda tangu mwaka 1992, na wanakuja kusoma hapo watu kutoka nchi nyingine za Afrika. Nywele za pembeni zinazorudi nyuma kwa kuvutwa na rasta nazo ni za kupeleka huko mapema. Kinyweleo kikivutwa miaka mingi kinaacha kovu, na kikishaweka kovu hakioti tena.

Turudi kwenye karai. Kuosha ndiyo njia kuu ya kuingiza maji kwenye nywele, na ndiyo tunayoiogopa. "Nikiosha zinakauka," tunasema. Inategemea unaosha na nini. Ngozi ya kichwa ina uasidi mdogo, pH yake ni karibu 5.5. Sabuni ya mche, au sabuni yoyote ya kipande, inafika 9 au 10. Ikipita, yale magamba ya unywele yanasimama, nywele zinakwaruzana na kufungana, na maji yaliyoingia yanatoka upesi. Shampuu laini mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi inatosha, ikifuatiwa na kondishena, ambayo inayalaza magamba chini tena. Chana wakati huo, kondishena ikiwa bado kichwani, kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Mwenye singa anaambiwa asichane nywele zikiwa na maji, na kwa nywele zake ni kweli. Kwetu kuchana zikiwa kavu ndiko kunakojaza sakafu ya saluni.

Ninajua kwa nini hatuyajui haya. Wengi tulisoma shule zinazotaka wasichana wakate nywele. Kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne unanyolewa, unapaka kimafuta kidogo, unaenda zako. Unaanza kufuga ukiwa na miaka kumi na minane, huna fundisho lolote, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni kopo la dawa ya kunyoosha. Mama zetu nao walipita hukohuko. Bibi ndio waliokuwa na ujuzi. Ule ususi wa uzi tunaoucheka kwenye picha za zamani ulikuwa unanyoosha nywele bila moto, unaficha ncha, na unaacha mistari ya ngozi wazi kwa kuosha. Hata leo naona ni bora kuliko pasi. Pasi ya moto kwenye nywele ambayo haijakauka vizuri inachemsha maji yaliyo ndani, mvuke unatoboa mashimo kwenye unywele. Ile sauti ya kuchachatika unayoisikia ndiyo hiyo.

Kuhusu namba za aina za nywele, 3C, 4A, 4C na nyinginezo: mfumo huo ulitokana na ule wa Andre Walker, aliyekuwa mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey. Unasaidia kueleza umbo la mzunguko. Hauelezi chochote kuhusu maji. Watu wawili wa 4C wanaweza kuwa na nywele zenye tabia tofauti kabisa. La kuangalia ni jingine: zikiwekwa chini ya bomba zinachukua muda gani kulowa, na baada ya hapo muda gani kukauka? Zinazolowa upesi na kukauka upesi, magamba yake yako wazi, pengine kwa dawa au rangi, nazo zinahitaji kifuniko kizito. Zinazokataa maji, yakitiririka juu kama kwenye jani la mgomba, magamba yake yamefunga. Hizo zinataka maji ya uvuguvugu na mafuta mepesi. Lile jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji ukaangalia kama unazama, achana nalo. Unywele wenye mafuta unaelea hata ukiwa umechakaa.

Jua lenyewe nalo lina kazi yake tofauti na joto. Miale yake inavunja rangi na protini ya unywele. Ndiyo ule wekundu wa kutu unaouona kwa wauza ndizi wanaokaa juani kutwa. Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta, na katikati ya Machi jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa. Hakuna mafuta yanayoshinda kitambaa hapo. Kilemba cha kitenge kinafaa, ila pamba inanyonya maji na kukwaruza, kwa hiyo mimi nimemwambia fundi aweke kipande cha satini kwa ndani. Kofia ya satini naiweka kwenye mkoba pia kwa ajili ya bodaboda, kuvaa chini ya helmeti. Ile helmeti imeshabeba vichwa ishirini kabla ya changu tangu asubuhi.

Na rasta? Sizikatazi. Krismasi Uchagani bila kusuka, utaulizwa kama unaumwa. Lakini rasta za Desemba zinaingia kwenye miezi mibaya kuliko yote, na nywele hizo za bandia ni plastiki: hazinywi jasho, zinabakiza joto kichwani, na zinaficha kinachoendelea chini. Wiki sita zinatosha. Katika wiki hizo, kila baada ya siku mbili au tatu nyunyizia maji kwenye mistari na kwenye nywele zako mwenyewe ndani ya rasta, kisha mafuta kidogo kwenye urefu. Kila wiki pitisha shampuu iliyochanganywa na maji kwenye ngozi. Msusi akivuta hadi macho yanapanda, mwambie alegeze. Ukimaliza sherehe, mtindo wa twende kilioni unatosha sana kwa Januari na Februari: mistari sita, saa moja kwenye kiti, unaosha ukitaka, unavaa kilemba juu na hakuna anayejua umesuka nini.

Mimi sasa Ijumaa usiku ni mafuta ya nazi. Jumamosi naosha, nachana na kondishena, na kabla maji hayajakauka naziba ncha kwa nyonyo kidogo. Jumatano, kabla ya kulala, chupa ya maji na mafuta kiasi cha ncha ya kidole. Kopo la mgando limehamia chumba cha watoto, wanapaka miguu.

Mvua kubwa zikianza kugonga mabati, mambo yanageuka tena. Hewa inarudisha maji, nywele zinavimba, kifuniko kizito kinakuwa mzigo na unaweza kukiacha. Glycerini ndiyo inafaa wakati huo. Na ukiosha asubuhi ya mvua, zikaushe kwanza kabla ya kuzifunga, maana kipilipili kilichofungwa kikiwa na maji kwenye baridi ya Juni hakikauki hadi kesho yake, na kinatoa harufu ambayo hata abiria mwenzako kwenye Noah ataijua.